Kabla ya kuuliza ilikuwa nini, uliza ilikuwa saa ngapi

Habari yangu ya kwanza ya vitu vya angani visivyotambulika niliiandika kwa nusu saa, bila kutoka ofisini. Mama mmoja alikuwa amepiga simu kusema taa ilimfuata njia nzima akirudi nyumbani. Mhariri alitaka kichekesho cha kujazia ukurasa, nami nikampa. Kesho yake yule mama akapiga tena. Hakugomba. "Mwanangu," aliniambia, "hata saa hukuniuliza."

Siku hizi naanza na saa. Halafu namwomba shahidi twende palepale aliposimama, anyooshe mkono, akunje ngumi, anihesabie: taa ilikuwa ngumi ngapi juu ya upeo wa macho? Ngumi moja ni kama nyuzi 10. Ukishapata saa, upande na nyuzi, ramani ya nyota itakuambia kama ni sayari, na ratiba za setilaiti zitakuambia kama ni ule msururu wa Starlink, setilaiti za intaneti za kampuni ya SpaceX zilizoanza kurushwa kwa makundi 2019. Taa ya yule mama ilikuwa Zuhura. Iko mbali mno, ndiyo maana ukitembea huioni ikibaki nyuma. Nilimrudia, nikamweleza, nikamwomba radhi.

Chunga sana maneno ya shahidi. Juni 1947 rubani Kenneth Arnold aliona vitu tisa karibu na Mlima Rainier, Marekani. Baadaye alisisitiza kwamba alikuwa anaeleza mwendo wao, kama kisahani kilichorushwa kikarukaruka juu ya maji. Magazeti yakageuza mwendo kuwa umbo, na "visahani vinavyoruka" tunavyo hadi leo.

Takwimu nazo usizikate nusu. Jeshi la Anga la Marekani, hadi lilipofunga 1969 mradi wa Blue Book, wa kuchunguza vitu hivi vya angani, lilikuwa na ripoti 12,618 za walioviona, na 701 hazikupata maelezo. Anayetaja 701 peke yake anapotosha, na anayezificha anapotosha vilevile.

Na penye serikali, fuata fedha. Desemba 2017 gazeti la New York Times liliitikisa Washington kwa kufichua mradi wa Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, wa kuchunguza vitu hivi, uliotengewa dola milioni 22. Bajeti huulizika, hata kwa asiyeamini chochote.

Daftarini mwangu limebaki tukio moja la marubani wawili. Sayari, setilaiti, maputo, ndege nyingine: yote nimeyapitia, hakuna kinacholingana. Niliandika "hakijatambulika" nikaweka nukta. Mhariri alitaka kuongeza mchoro wa kisahani. Nilimkatalia.