Maswali na majibu: vyuma vya kubadilishia nyonga na magoti

Wiki hii nimekusanya maswali ya wasomaji kuhusu vifaa vya upasuaji wa kubadilisha viungo, na mengine nimeyafupisha. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, si daktari, kwa hiyo swali la nani afanyiwe upasuaji na nani asubiri lipelekeni kliniki ya mifupa.

Shikamoo mzee. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni na goti limemkataa kabisa. Daktari anasema libadilishwe. Ina maana wanalitoa goti zima na kupachika jingine? Kabula, Kirumba

Marahaba, Kabula. Goti zima halitolewi. Kinachoondolewa ni gegedu iliyokwisha pamoja na kipande chembamba cha mfupa chini yake, mara nyingi chini ya sentimita moja kila upande. Ncha ya mfupa wa paja huvishwa chuma kilichopinda kufuata umbo lake, juu ya muundi hukaa bamba la chuma, na katikati huwekwa plastiki ngumu inayoteleza. Kano za pembeni hubaki zile zile za mama, na ndizo zinazolishika goti lisiyumbe.

Ugumu uko kwenye pembe. Mkato ukipinda nyuzi chache tu, uzito wote huegemea upande mmoja na plastiki ya upande huo huisha mapema. Ndiyo maana daktari hakati kwa kukisia. Fimbo ya chuma huingizwa ndani ya mfupa wa paja, juu yake hufungwa kiolezo chenye mfereji, kiolezo kinapigwa pini kisicheze, na msumeno hupita ndani ya mfereji huo tu. Seremala anayekata pembe za fremu ya dirisha anakijua kitu hiki vizuri. Baada ya mikato huja vipande vya kujaribia vya saizi mbalimbali: goti linakunjwa, linanyooshwa, linatikiswa pembeni, na saizi ikikubali ndipo kiungo chenyewe hufunguliwa kwenye pakiti. Kwa goti moja tu, vyombo hujaza trei kadhaa.

Mimi ni mchomeleaji. Nimefanya kazi za stenlesi kwenye viwanda vya samaki kwa miaka mingi: meza, masinki, mabomba. Daktari mmoja alinionyesha vyuma vya kushikilia jeraha liwe wazi, akanitajia bei, nikabaki mdomo wazi. Kwa nini nisivitengeneze mwenyewe? Shija, Igogo

Shija, hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Unaweza, na ritrakta, yaani hivyo vyuma ulivyoonyeshwa, ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Ushauri wangu kwa yeyote wa huku kwetu mwenye hamu ya kubuni ni huo huo: anza na kinachoshikwa mkononi mwa daktari. Kinachobaki mwilini mwa mgonjwa kiache kwanza.

Sasa tuongee kifundi. Stenlesi unayokutana nayo kwenye meza za minofu ya sangara kwa kawaida ni aina ya 304. Haishiki kutu kirahisi na inachomeleka vizuri, ila huwezi kuifanya ngumu kwa kuitia moto na kuizimisha. Kwa ritrakta inatosha. Kwa patasi ya mfupa haifai, makali yatalala siku ya kwanza. Hapo inatakiwa aina inayogumu kwa moto, kama 420. Na ukisikia 316L, hiyo ina molibdenamu na kaboni kidogo sana, nayo hutumika hata kwa vyuma vinavyokaa mwilini, lakini kuwa na bamba la 316L karakana si kibali cha kutengeneza kiungo.

Chukua ritrakta yenye mpini wa kuchomelea, uangalie pale mpini unapokutana na bamba. Kwenye sinki la kiwandani kijishimo cha ukubwa wa ncha ya sindano hakimsumbui mtu. Kwenye chombo cha upasuaji damu huingia humo, hukauka, brashi haifiki, na mvuke wa otoklevu, ile mashine ya kutakasia vyombo, hata ukifika nyuzi 134, unaweza kushindwa kuwafikia vijidudu waliojificha chini ya ule uchafu. Kwa hiyo unganisho lijae, lisawazishwe, ling'arishwe mpaka ukipitisha ukucha usikwame. Ile rangi ya bluu na kahawia inayobaki pembeni ya weldi nayo iondolewe kwa asidi yake, maana pale ngozi ya kromiamu inayolinda chuma imeharibika na kutu itaanzia hapo hapo. Bora zaidi, ukiweza kukunja chombo kizima kutoka bamba moja bila weldi, fanya hivyo.

Kisha mkabidhi nesi wa thieta akishike muda mrefu akiwa na glavu zilizolowa. Yeye ndiye atakayekuambia kama mpini unakata kiganja, si daktari. Kipitishe kwenye otoklevu tena na tena na kila mara ukikague kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vidoa vya kutu, kabla ya kujilaumu uliza kama wanaloweka vyombo kwenye Jik. Klorini hutoboa stenlesi, na nimeshaona vyuma vya bei mbaya vikiuawa hivyo na watu waliodhani wanaviosha.

Kuuza ni jambo jingine. Vifaa tiba nchini viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na chombo kinachoingia kwenye mwili wa mtu hakiuzwi kwa kumpenyezea daktari rafiki. Nenda na mchoro, cheti cha malighafi na kumbukumbu za majaribio yako.

Nina miaka 74. Wakinibadilishia goti, nitaweza kuchuchumaa? Choo chetu ni cha shimo. Mzee Nyanda, Sengerema

Shikamoo mzee wangu. Kwa kweli usitegemee. Goti la bandia lililofanyiwa kazi nzuri hukunjika kama nyuzi 110 hadi 120, na kuchuchumaa kabisa kunadai zaidi ya 130. Waliolibuni waliwaza mtu wa kukaa kwenye kiti. Baadaye viwanda vilitoa magoti ya kukunjika zaidi wakiwalenga wateja wa Asia na Mashariki ya Kati, lakini wagonjwa walipolinganishwa, tofauti ilikuwa ndogo. Kinachoamua zaidi ni goti lako linakunjika kiasi gani kabla ya upasuaji, kwa hiyo mazoezi yaanze sasa. Na umwite seremala akutengenezee kiti cha mbao chenye tundu, kikae juu ya choo, kiwe na mahali pa kushika pande zote mbili.

Sisi ni wanafunzi watatu. Tunataka kutengeneza nyonga bandia kwa printa ya 3D tuipeleke kwenye mashindano ya ubunifu. Tuna plastiki ya PLA. Unatushauri nini? Nyegezi

Msitengeneze nyonga. PLA huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo itakunjamana kwenye otoklevu kabla haijamwona mgonjwa. Lakini hata mngekuwa na plastiki bora kuliko hiyo, kaeni kwanza mjue nyenzo zimewatesaje waliowatangulia.

Themistocles Gluck aliweka magoti ya pembe za ndovu mjini Berlin mwaka 1890, kwa wagonjwa ambao viungo vyao vililiwa na kifua kikuu. Maambukizi yakaiharibu kazi yake. (Huko Burma, Dkt. San Baw alianza kutumia pembe kwa nyonga mwaka 1960, na wagonjwa wake wengi walitembea. Msipate wazo. Leo mkikamatwa na pembe mtaenda jela, si kwenye mashindano.)

Kisa cha kukisoma kwa makini ni cha John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza kikombe cha nyonga, kile ambamo kichwa cha mfupa wa paja huzunguka, kwa Teflon, kwa sababu inateleza kupita kiasi. Wagonjwa walifurahi sana mwanzoni. Baada ya miaka michache vikombe vilikuwa vimelika, na ule unga wa Teflon ukauchokoza mwili kiasi kwamba ikabidi wafunguliwe tena. Charnley alijidunga unga huo pajani mwake mwenyewe aone mwili unaupokeaje. Kisha akaja mtu wa mauzo na kipande cha polithini nzito iliyokuwa ikitumika kwenye gia za mashine za kufuma nguo. Charnley hakuvutiwa nacho. Fundi wake wa karakana, Harry Craven, akakifunga kwenye mashine ya majaribio hivyo hivyo, na baada ya wiki tatu za kusuguliwa mchana na usiku kilikuwa kimelika kidogo kuliko Teflon inavyolika kwa siku moja. Novemba 1962 polithini ikaanza kuwekwa kwa wagonjwa, na plastiki ya ukoo huo ndiyo iliyomo kwenye nyonga na magoti mengi mpaka leo. Mashine ile ya kusugua ndiyo ninayotaka muione: kabla ya kubuni kiungo, mtu alibuni namna ya kukiharibu.

Kwa PLA yenu, chapisheni mfano wa mfupa kutoka picha za CT za mgonjwa aliyeridhia. Daktari aushike siku moja kabla, apime saizi, ajaribu mikato yake mezani. Hauingii kwenye jeraha, na una faida ya kweli. Mashine ya kusugua nayo mnaweza kuitengeneza, tena ningeipa alama nyingi kuliko nyonga yenyewe.

Mwanangu ana miaka 24, ana selimundu. Wanasema kichwa cha mfupa wa paja kimekufa na huenda akahitaji nyonga ya bandia. Si ni kitu cha wazee? Mama Mhoja, Buzuruga

Pole sana mama. Kwa nchi za wenzetu wengi wanaobadilishiwa nyonga ni wazee ambao gegedu imechakaa. Mwanza ni miongoni mwa mikoa ambako watoto wengi huzaliwa na selimundu, na ugonjwa huu huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha paja. Kichwa kinakosa damu, kinakufa, kinabonyea. Ndiyo maana kliniki za huku zina vijana.

Kwa mbunifu wa vifaa hili linabadilisha hesabu yote. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu nyonga 58 katika kila 100 hufikisha miaka 25. Kwa mzee wa miaka 75 hiyo inatosha na inabaki. Kijana wako atakuwa na 49, na huenda akarudi mezani. Kwa hiyo kiungo chake kinapaswa kuwekwa kwa namna ambayo siku ya kukitoa hakitaondoka na nusu ya mfupa.

Kuna tatizo la pili. Kwa wagonjwa wa selimundu, tundu la ndani ya mfupa wa paja linaweza kuwa jembamba, na sehemu nyingine limezibwa na mfupa mgumu mno. Tupa ya kutanulia ikigonga hapo hutafuta njia ya pembeni, na mfupa hutoboka au kupasuka. Daktari anahitaji mashina membamba (shina ni sehemu ya kiungo inayozama ndani ya mfupa wa paja), vitanulio vinavyopita juu ya waya elekezi, na picha ya eksirei humo humo thieta. Seti zilizopangwa kwa wazee wa Ulaya huenda zisije na saizi ndogo za kutosha. Mtu wa Kanda ya Ziwa akikaa na picha za eksirei zilizopo, kwa kibali cha kamati ya maadili, akapima matundu hayo moja baada ya jingine na kupanga jedwali la saizi, atakuwa amewapa watengenezaji kitu ambacho hawawezi kukipata wakiwa kwao.

Muulize daktari wake kama seti atakayotumia ina mashina membamba. Si utovu wa adabu kuuliza.

Ni kweli roboti ndiyo inayopasua siku hizi? Ngalu, Igoma

Roboti ya kwanza kutumika kwa nyonga ya mtu ilikuwa Robodoc, mwaka 1992, Marekani. Inasaidia kukata kwa usahihi. Daktari bado yupo pale, na umeme ukikatika yeye ndiye anayebaki na mgonjwa.

Nimebuni kifaa cha kushikilia mguu wakati wa upasuaji wa goti. Wenzangu wanasema nikionyeshe kwenye kongamano. Naogopa kuibiwa. Nesi wa thieta, Mwanza

Ogopa kidogo, dada yangu. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, hupewa kitu kipya, na ukishakionyesha hadharani upya wake unaweza kuwa umeupoteza wewe mwenyewe. Peleka maombi BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwanza, kongamano baadaye. Ujue pia kwamba mbinu ya kupasua haipewi hataza, kifaa ndicho kinachopewa, kwa hiyo eleza chuma, bawaba na kufuli yake, usieleze upasuaji. Na usome mkataba wako wa kazi: ukikibuni kwa muda na vifaa vya mwajiri, anaweza kudai sehemu.

Hospitali yetu ipo kisiwani, drili ya mifupa imekufa na ya duka la vifaa vya ujenzi ipo. Tuitumie? Tabibu, Ukerewe

Ikiwa uchi, hapana. Mota na betri haziingii otoklevu, na kuipangusa kwa spiriti hakuitakasi. Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa walikuwa na shida hiyo hiyo. Wahandisi vijana kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walikuta Kampala drili za kawaida zikitumika kwenye mifupa, wakabuni mfuko usiopitisha maji unaoifunika drili yote, wenye kishikio cha chuma mbele cha kufungia keekee. Mfuko unafuliwa na kutakaswa, drili inabaki ndani bila kumgusa mgonjwa, na hospitali inanunua mifuko kadhaa kwa drili moja. Agizeni huo. Keekee ziwe za mifupa, si za ukuta, na mzunguko uwe wa polepole huku mkimwagia maji ya chumvi, kwa sababu mfupa ukikaa kwenye nyuzi 47 kwa dakika moja huanza kufa na skrubu italegea. Na msiianzie kwenye kubadilisha nyonga. Ianzieni kwenye mivunjiko ya kawaida.