Maswali yenu kuhusu tamathali katika hotuba, nyimbo na hadithi

Shuleni tulifundishwa kwamba tashbihi ina "kama" na sitiari haina. Ni hilo tu?

Kisarufi, ndiyo: zote mbili hufananisha vitu, ila tashbihi hutumia neno la kufananisha, kama vile "kama" au "mithili ya", na sitiari hailitumii. Kimaana kuna zaidi. Ukisema "deni ni kama mzigo", unaweka vitu viwili mbele ya msikilizaji, naye ana nafasi ya kujibu kwamba vinafanana kidogo tu. Ukisema "deni ni mzigo", nafasi hiyo imepungua. Ukisema "tuutue mzigo huu", imekwisha: neno deni halipo tena, na aliyekubali kutua amekwisha kukubali kwamba kuna mzigo.

Sitiari iliyojificha ndani ya kitenzi ndiyo yenye nguvu zaidi, maana haionekani kuwa sitiari. Sikiliza vitenzi katika hotuba yoyote ya uchumi: kuchanua, kuugua, kuyumba, kuporomoka. Kila kimoja kina picha yake, na suluhisho hufuata picha. Kilichougua kitatafutiwa tabibu, kilichoyumba kitatafutiwa nahodha, na ni nadra mtu kuuliza kama kweli ni mgonjwa au ni chombo.

Kosa la kawaida ni kuchanganya picha mbili: "Tumepanda mbegu ya umoja, sasa tuimarishe nguzo zake." Mbegu haina nguzo. Jaribu kuichora sentensi yako kwenye karatasi. Ikikataa kuchorika, bakiza picha moja.

Nikiandika hotuba, nirudie maneno mara ngapi?

Mara nyingi tatu zinatosha. Mara ya kwanza watu husikia habari, ya pili hutambua kwamba kuna mpangilio, ya tatu wanaingoja na kuimaliza pamoja nawe. Kuanzia ya nne, takriri, yaani marudio hayo, lazima ilete kitu kipya. Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, akihutubia Washington tarehe 28 Agosti 1963, alivuka tatu aliporudia "Nina ndoto", lakini kila aliporudi alikuja na jambo jingine: Georgia, Mississippi, watoto wake wanne, Alabama. Kichwa cha sentensi kilibaki palepale, mkia ukasonga mbele.

Kwa Kiswahili, mfano unaofaa kuchambuliwa neno kwa neno ni wa Julius Nyerere, Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Angetumia mpangilio wa kawaida angesema "tuna uwezo wa kumpiga, tuna sababu ya kumpiga, tuna nia ya kumpiga". Habari ni ileile. Lakini hapo kila kishazi (kipande cha sentensi) kingeishia kwa adui anayepigwa. Kwa kuitanguliza nomino, kila kishazi kinatua kwenye "tunao" na "tunayo", yaani juu ya sisi tulio nacho, na miisho hiyo inalingana kama vina vya shairi. Usambamba (vishazi vyenye umbo moja), takriri na mpangilio wa maneno vinafanya kazi kwa pamoja, ndiyo maana kauli hiyo inakaririwa hata na waliozaliwa baadaye.

Mambo mawili huharibu takriri. La kwanza ni kurudia neno tupu. "Ni lazima… ni lazima… ni lazima" huacha masikioni mwa watu amri isiyo na kitu ndani yake. Rudia neno ambalo ungependa waondoke nalo. La pili ni tabia ya insha ya kukwepa marudio: umesema "uhuru" mara mbili, ya tatu ukaandika "ukombozi" ili kupamba lugha. Msikilizaji alikuwa amekwisha kujiandaa kusema uhuru, nawe umemnyang'anya.

Niliuliza ukumbini, "Nani kati yetu asiyetaka haki?" Watu wakanyamaza, wengine wakaguna. Nilikosea wapi?

Swali la balagha halisubiri jibu, lakini jibu lazima liwe tayari kifuani mwa msikilizaji. Lako lina jibu rahisi mno. Kila mtu anataka haki, kwa hiyo wamehisi wanasukumwa kwenye kona, ndipo wakaguna. Uliza kitu kinachomlazimisha kila mmoja kupekua kumbukumbu zake: "Ni lini mara ya mwisho uliulizwa maoni yako kabla uamuzi haujapitishwa?" Kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi tatu. Ukijibu mwenyewe papo hapo, umewapokonya kazi uliyowapa.

Kabla ya kupanda jukwaani, mfikirie mtu anayekupinga kuliko wote. Jibu lake likikusaidia, swali ni zuri. Likikuumbua, geuza swali liwe kauli. Na usipange maswali matano mfululizo, kwa kuwa hapo watu wanahisi wanahojiwa.

Kiitikio kisichobadilika hata neno moja, je, hakichoshi?

Huchosha pale kinapojieleza chenyewe kwa ukamilifu. Kiitikio kizuri huacha maana yake itoke kwenye ubeti uliotangulia. Tuseme kiitikio ni "mlango u wazi". Ubeti wa kwanza unampokea mgeni: maana yake ni karibu. Wa pili, wapenzi wamegombana: maana yake ni toka. Wa tatu, aliyeondoka hajarudi na nywele za anayengoja zimekuwa mvi: maana yake ni bado nakusubiri. Maneno hayakuguswa, maana imegeuka mara tatu, na mwimbaji hakulazimika kueleza huzuni yake. Lakini andika "mlango u wazi, karibu mpenzi" na kiitikio kimefungwa. Hakiwezi tena kumaanisha toka.

Jambo jingine ambalo watunzi husahau ni mkazo. Kiswahili kwa kawaida hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la muziki likiangukia kwingine, neno hupinda. Neno "barabara" likikazwa silabi ya tatu, -ba-, ni njia ya kupita. Likikazwa silabi ya pili, -ra-, ni sawasawa. Tamka mstari bila muziki kwanza, piga kofi kwenye mkazo, ndipo utafute pigo linalolingana nao.

Kejeli na kinaya vinatofautianaje katika hadithi?

Kejeli imo kinywani mwa mhusika: anamwambia aliyechelewa saa mbili, "Leo umewahi kweli." Wote wawili wanaelewa. Kinaya kimo katika hali. Msomaji amekwisha kuiona barua ya kumwachisha mtu kazi ikiwa mezani, na mtu mwenyewe yuko njiani anapanga matumizi ya mshahara. Kazi yote hapo inafanywa na mpangilio wa habari. Barua ikija baada ya safari, unapata mshtuko wa sentensi moja. Ikitangulia, kila hesabu anayoipiga njiani inamuuma msomaji. Usiongeze "laiti angalijua". Msomaji anajua, na maumivu hayo ni yake.

Tanakali za sauti ni za hadithi za watoto tu?

Hapana. Ni vijineno vinavyoigiza sauti au hali, kama katika nyeupe pe, nyeusi tii, kimya jii, giza totoro: kila moja ina mwenzake maalumu, na hufanya kazi ya "sana" kwa silabi chache zaidi na kwa sikio zaidi. Weka moja pale tukio linapogeuka. Zikijaa aya nzima, hakuna itakayosikika.

Tafsida ni adabu au ni uongo?

Tafsida ni kutumia neno laini badala ya neno kali; tazama inamlinda nani. "Amejifungua" na "amefariki" zinamlinda anayesikia. "Marekebisho ya bei" inamlinda anayesema, maana bei imepanda.

Tafsida ngumu zaidi kuigundua haimo katika msamiati bali katika mnyambuliko wa kitenzi. "Makosa yalifanywa" ni kauli ya kutendwa, na inaacha kiti wazi: yalifanywa na nani? "Makosa yalifanyika" ni kauli ya kutendeka, na kiti kimeondolewa. Huwezi kusema "yalifanyika na fulani". Pima tofauti kwenye ahadi. "Ahadi haikutekelezwa" inamtafuta aliyeahidi. "Ahadi haikutekelezeka" inaitupia lawama ahadi yenyewe, kana kwamba haikuwezekana tangu mwanzo. Ukisikia -ika au -eka katika taarifa ya kujitetea, weka -wa mahali pake, kisha ongeza "na" uone ni jina gani linaingia.