Projekta moja, vyanzo vinne: picha ipite wapi, sauti ishukie wapi

Projekta ya kawaida ya nyumbani ina tundu moja la HDMI, mawili ukibahatika, halafu VGA, AV, na tundu dogo la sauti linaloingia pini ya hedifoni. Sebuleni kwako, iwe Nyegezi, Igoma au Kirumba hapa Mwanza, kuna king'amuzi, boksi la Android, laptopu ya kazi, pengine PlayStation ya watoto, na deki ya zamani yenye diski za harusi ambazo hakuna wa kuzitupa. Wengi huanza kwa kuifanya projekta kuwa stendi ya nyaya zote: tatu ndefu zinapanda darini, na wa nne unarudisha sauti chini kwenye sabufa. Usifanye hivyo. Vifaa vyote vikutane mezani, kwenye kisanduku kimoja. Sauti ishukie hapo hapo mezani. Juu kwenye projekta upande waya mmoja tu wa picha.

Mpangilio ni huu: vifaa vyako vinaingia kwenye swichi ya HDMI, swichi inaingia kwenye ekstrakta ya sauti, ekstrakta inatoa njia mbili, sauti kwenda kwenye sabufa iliyo pembeni yake, na picha kwenda kwenye waya mrefu wa projekta. Kuna swichi ambazo zina ekstrakta ndani yake. Ukiipata hiyo, chukua, maana kila kisanduku unachokipunguza ni sehemu moja pungufu ya kutafuta tatizo siku picha inapokataa.

Swichi na spilita zinafanana umbo, na hapo ndipo pesa za wengi hupotea. Swichi hupokea vifaa vingi na kutoa kimoja. Spilita hupokea kimoja na kukigawa kwenye skrini mbili au nne. Dukani ukiomba "kile cha kugawa HDMI" utapewa spilita, na muuzaji hana kosa. Sema hivi: "Kaka, nataka swichi, nne zinaingia, moja inatoka." Kisha geuza kisanduku usome mwenyewe: matundu mengi yawe yameandikwa IN, na OUT liwe moja. Spilita utaihitaji tu kama unataka runinga na projekta zionyeshe kitu kimoja kwa pamoja, na ujue kwamba mara nyingi picha itashuka mpaka kiwango cha ile skrini iliyo dhaifu zaidi.

Angalia pia swichi inapata umeme wapi. Zile ndogo zisizo na waya wa umeme hutegemea volti 5 zinazotoka kwenye kifaa chenyewe kupitia HDMI. Kwa kanuni za HDMI, kifaa kinatakiwa kutoa angalau miliampea 55 kwenye pini hiyo, na hizo ni chache sana. Mbele yake ukiwa na waya wa mita moja na nusu, itafanya kazi. Ukiweka wa mita 10, picha inaanza kukatika na lawama zote zinaangukia projekta. Nunua swichi yenye tundu la kuingizia volti 5, uilishe kwa chaja ya simu.

Swichi nyingi hubadili chanzo zenyewe: kifaa kipya kikiwashwa, zinahamia huko. Shida ni kwamba baadhi ya ving'amuzi, hata ukivizima kwa rimoti, vinaendelea kupeleka zile volti 5, kwa hiyo swichi inaamini kwamba bado viko hewani na kuvirudia. Ndiyo maana tunapendelea swichi yenye rimoti, au walau kitufe, na inayoruhusu kuzima huko kujihamisha. Usiifiche ndani ya kabati. Jicho la rimoti lazima likuone.

Sasa sauti, na hapa tutakaa kidogo maana ndipo watu hukata tamaa. Ekstrakta ina HDMI ya kuingia, HDMI ya kutoka, tundu la waya wa mwanga (Optical), na matundu mekundu na meupe au la pini ya hedifoni. Ubavuni mara nyingi ina kiswichi kidogo chenye nafasi tatu: PASS, 2CH na 5.1CH. Kwa sabufa ya kawaida weka 2CH. Nafasi hiyo hukiambia king'amuzi au boksi kwamba mbele kuna spika mbili tu, kitoe sauti ya kawaida. Ukiacha 5.1CH, kifaa kinaweza kutuma sauti iliyofungashwa ya Dolby, na matundu mekundu na meupe hayawezi kuifungua. Utapata ukimya kabisa, au mkoromo mkali unaoweza kuumiza spika. Kiswichi kikishakuwa sawa na bado kimya, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya king'amuzi na uchague PCM au Stereo badala ya Dolby Digital. Chaneli moja ya king'amuzi ikiwa na sauti na nyingine kimya, tatizo karibu kila mara ni hilo. Usianze kufungua sabufa.

Laptopu ina ugonjwa wake. Picha inatoka ukutani, sauti inabaki kwenye laptopu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Duplicate, kisha bofya alama ya spika kwenye kona ya chini kulia na ubadili mahali pa kutolea sauti, uchague jina la projekta au la ekstrakta. Kama laptopu ni ya zamani yenye VGA pekee, kumbuka VGA haibebi sauti hata kidogo. Inahitaji adapta ya VGA kwenda HDMI yenye mikia miwili ya ziada: mmoja wa USB kwa umeme, mwingine wa pini ya hedifoni kwa sauti. Adapta hiyo hupitisha upande mmoja tu, kwa hiyo ya HDMI kwenda VGA haitakusaidia hata ukiigeuza.

Deki ya zamani yenye nyaya tatu, wa njano kwa picha, mweupe kwa sauti ya kushoto na mwekundu kwa ya kulia, nayo inaingia kwenye swichi kupitia kibadilishi kidogo chenye ukubwa wa kiberiti. Viko vya aina mbili vinavyofanana kama mapacha. Unachotaka kimeandikwa AV2HDMI na kina kiswichi cha 720P na 1080P. Kile kilichoandikwa HDMI2AV, chenye PAL na NTSC, ni cha safari ya kurudi. Weka volti 5 kwenye tundu lake la USB, la sivyo hakiwaki. Na usitegemee miujiza: picha ya deki ina mistari 576, na kuipeleka 1080 hakuongezi kitu ambacho kamera haikukinasa. Kwenye ukuta wa inchi 100 itakuwa laini kama iliyopigwa kwenye ukungu. Ipunguze mpaka inchi 60 hivi na sura za watu zitarudi.

Simu tusizitegemee sana. Adapta ya Type-C kwenda HDMI inafanya kazi tu kwenye simu ambazo tundu lake linatoa picha, na simu nyingi za bei nafuu hazitoi, hata kama adapta inaingia vizuri. Ijaribu dukani kabla ya kulipa. Kwa filamu na mpira wa mtandaoni, boksi la Android kwenye swichi linashinda kurusha skrini ya simu, kwa sababu programu nyingi za kulipia huzuia urushaji huo na kukuachia sauti bila picha.

Waya mrefu pima kwa futi ya fundi, usikadirie kwa macho. Mfano: kupanda kutoka mezani hadi darini mita 2.2, kupita darini mita 3.8, kushuka kwenye kishikio nusu mita, na mita moja ya akiba kwa kona na kwa siku utakayotaka kusogeza meza. Jumla ni mita 7.5, basi nunua wa mita 10. Kwa picha ya 1080, waya mnene wa shaba wa mita 10 unatosha. Ukivuka mita 15 hamia kwenye HDMI ya nyuzi za mwanga, na usome ncha zake kabla ya kuupitisha: moja ni ya chanzo, nyingine ya skrini, na ukigeuza hautoi chochote. Pia usiukunje kona kali kama waya wa taa, kwa sababu nyuzi za ndani ni za kioo. Nyumba zetu nyingi zina kuta za tofali na zege, na zile za milimani zimekaa juu ya mawe; pitisha kwenye trankingi (mfereji wa plastiki wa kufichia nyaya) pana ambayo kichwa cha HDMI kinapita bila kukatwa. Waya dhaifu utautambua kwa vitone vyeupe vinavyometa kwenye sehemu nyeusi za picha, au giza la sekunde mbili tatu linalokuja na kuondoka. Shusha king'amuzi hadi 720. Vitone vikiisha, wa kulaumiwa ni waya.

Kabla hujatoboa ukuta, unganisha kila kitu mezani, waya mrefu ukiwa umelala sakafuni, na ukiache kifanye kazi saa nzima.

Laptopu inaonyesha lakini king'amuzi kinatoa giza au ujumbe wa makosa? Hiyo ni HDCP, kufuli la kuzuia kunakili. Kila kifaa katikati ya njia lazima kilijibu. Zima vyote, washa projekta kwanza na uisubiri itoe mwanga kamili, kisha swichi na ekstrakta, mwisho king'amuzi. Ikikataa bado, ruka kisanduku kimoja kimoja mpaka umjue mkorofi. Kwa chanzo cha 4K, kila kisanduku kiwe cha HDCP 2.2.

Kuna kuachana kwa midomo na maneno. Sauti inayoshukia mezani haipiti kwenye projekta, wakati picha inachakatwa ndani yake na kuchelewa kidogo. Kwa kipimo cha watu wa utangazaji, mtazamaji huanza kuona kasoro sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, ila ikichelewa huvumilia hadi 125 hivi. Washa Game Mode kwenye projekta, na ifunge ikiangalia ukuta sawasawa ili usihitaji kunyoosha picha kwa menyu, maana kazi hiyo nayo inaongeza kuchelewa. Spika ya Bluetooth ina kasoro ya upande wa pili: goli limeshatikisa wavu ndipo unasikia shuti. Tumia waya.

Sabufa ikivuma "mmm" mfululizo hata ukiwa umepunguza sauti, ni umeme wa hezi 50 unaozunguka kwenye nyaya za ethi. Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukikoma, umeshaujua mlango wake. Chomeka vifaa vyote, projekta ikiwezekana, kwenye mstari mmoja wa soketi. Usipoisha, tumia waya wa mwanga badala ya mwekundu na mweupe kama sabufa inao, kwa kuwa mwanga haupitishi umeme. Kuna mafundi wanaokata pini ya ethi ya plagi ili mvumo uishe. Usikubali. Pini hiyo ndiyo inayokulinda bodi ya amplifaya ikiguswa na umeme.

Umeme ukikatika ghafla, projekta ya taa ya balbu inabaki na joto kali bila feni. UPS ndogo (betri ya akiba) inayotosha wati za projekta yako itakupa dakika chache za kuizima kwa utaratibu, feni ikizunguka mpaka ikome yenyewe. Za LED haziumii sana kwa hilo.

Kwetu huku kuna hatari nyingine inayosahaulika. Ngurumo nyingi za ukanda huu huzaliwa usiku juu ya Ziwa Victoria, pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya maji. Radi ikipiga karibu na dishi, hushuka na waya wake hadi king'amuzi, inapita HDMI, na inaua swichi, ekstrakta na projekta kwa safari moja. Kuzima swichi ya ukutani hakuzuii hilo. Wingu likianza kujikusanya, kabla halijanguruma, chomoa plagi na ufungue ule waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Uache uwe rahisi kuufikia, hata watoto wakubwa wa nyumbani waujue.

Kuhusu mwinuko, usiwashe ile nafasi ya menyu ya maeneo ya juu. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Epson na BenQ huanza kuipendekeza kwenye mita 1,500. Ukiiwasha hapa mjini unapata kelele ya feni bila faida.

Wadudu wa ziwani ni habari nyingine. Jioni wanapopanda majini kama moshi, hufuata mwanga, na hakuna mwanga unaowavuta kama projekta kwenye chumba chenye dirisha wazi. Wakifyonzwa na feni wanaziba kichujio, projekta inapata joto na kujizima katikati ya kipindi cha pili. Weka wavu wa mbu madirishani, na msimu wao ukifika fungua kichujio kila wiki mbili, ukisafishe kwa brashi laini ya rangi, projekta ikiwa imezimwa na kupoa. Kwenye lenzi pitisha kipuliza hewa cha mpira kwanza ndipo kitambaa, kwa sababu mabawa makavu ya wadudu hao hukwaruza.