Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria: panga usiku kwanza

Wengi wanaojiandaa kupanda Mlima Kenya kwa mara ya kwanza huuliza ni siku ngapi na ni kilomita ngapi. Kwa njia ya Chogoria, inayopanda kutoka mashariki ikipitia maziwa na kingo za bonde la Gorges, nakusihi uanze na swali jingine: kila usiku nitalala kwenye mita ngapi? Mwendo wa mchana mtu mwenye mazoezi ya wastani anaumudu. Wanaoshindwa hushindwa usiku, kwa kichwa kinachogonga hadi alfajiri au kwa baridi ambayo hawakuibebea nguo.

Ukishavuka mita 3,000, ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba mahali unapolala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upate usiku wa pili mahali pamoja. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ya hapo, mradi ushuke kulala. Chogoria inafuata kanuni hii vizuri kuliko njia nyingine zote za mlima huu, na ndiyo sababu naipenda kwa mtu mgeni. Usiku wa kwanza lala kwenye banda za langoni, kama mita 2,950. Wa pili, kando ya Ziwa Ellis, karibu mita 3,450. Wa tatu, Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000, chini ya jabali la Temple lililosimama wima juu ya maji. Wa nne, kwenye vidimbwi vya Hall Tarns, karibu mita 4,300, na hapo kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, kiko mbele yako. Kampuni nyingi huliruka Michaelson ili kuokoa siku na kumpeleka mteja moja kwa moja Hall Tarns. Kama una siku hiyo, usiiuze. Asubuhi bondeni pale, majani ya lobelia yaliyojifunga usiku kukinga chipukizi yanapoanza kufunguka, ni asubuhi unayostahili kuiona bila haraka.

Najua wapo wanaotaka kwenda peke yao kabisa, na hamu hiyo naielewa kwa sababu ni yangu pia. Lakini langoni KWS, shirika la serikali linalosimamia hifadhi, hawamruhusu mtu mmoja kupanda peke yake, na sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ukungu ukishuka juu ya mita 4,000 njia hutoweka mbele ya macho, na mgonjwa wa kimo, yaani anayeumwa kwa uchache wa hewa huko juu, mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Chukua mwongozaji mmoja aliyesajiliwa, beba mzigo wako, pika chakula chako, lala kwenye hema lako. Mwambie tangu siku ya kwanza kwamba unapenda kutembea kimya; wengi watakuachia nafasi nyuma yako bila kinyongo. Nawe hakikisha ana mfuko wa kulalia wa maana, koti la mvua na chakula cha kutosha. Huyo ndiye atakayekushusha ukizidiwa.

Dalili za ugonjwa huo wa kimo uzijue kabla ya kuondoka nyumbani. Kichwa kuuma, kichefuchefu, chakula kutotamanika: hapo simama, usipande tena mpaka ziishe. Mtu anayeyumba kama mlevi, anayeongea ovyo, anayehema akiwa amekaa tu, au anayekohoa povu, huyo ashushwe saa hiyohiyo, iwe usiku au mvua. Kipimo rahisi ni kumtaka atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Nimewahi kuona kijana mwenye nguvu kuliko sisi sote akishindwa kupiga hatua nne za namna hiyo Hall Tarns, usiku wa manane, huku akisisitiza kwamba yuko sawa. Waongozaji hawakubishana naye. Walimvalisha, wakawasha taa, wakamshusha, na kulipokucha huko chini alikuwa akiomba chai. Dawa ya acetazolamide husaidia mwili kuzoea, ila zungumza na daktari kwanza, na usiitumie kama kibali cha kuruka usiku mmoja.

Kuhusu baridi, watu hutumia fedha nyingi kwenye mfuko wa kulalia na kusahau kilicho chini yake. Ardhi hunyonya joto usiku kucha, kwa hiyo mkeka mzuri wa povu au wa kujaza hewa una thamani sawa na mfuko wenyewe. Weka kando seti moja ya nguo kavu za kulalia, pamoja na soksi, uzifunge ndani ya plastiki, na usizivae mchana hata ukilowa vipi. Pamba iache nyumbani; ikilowa haikaushwi na chochote huko juu. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na joto huondoka nalo palepale, hivyo hema liwe limesimama mapema.

Jikoni mambo hubadilika pia. Kwenye mita 4,200 maji huchemka kwa nyuzi 86 hivi, kwa hiyo maharage na githeri mbichi huwezi kuvipika vikaiva. Utamaliza gesi bure. Siku mbili za kwanza beba nduma na viazi vitamu vilivyochemshwa, kisha uji, tambi nyembamba, njugu, tende. Maji ya kunywa yaache yatokote dakika tatu, hasa ya Hall Tarns ambako watu wengi hupiga kambi. Mtungi wa gesi ya butane pekee hulegea baridi ikifika sufuri. Tafuta wenye mchanganyiko wa propane, na usiku uuweke kwenye mfuko wa kulalia pamoja na simu. Moto wa kuni usiwashe popote. Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la mlima huu. Na chakula kifunge: pimbi wa huko hawaogopi mtu.

Mzigo wote ukishaupanga, ubebe kwanza ukizunguka ukingo wa kreta ya Mlima Longonot, halafu Elephant Hill kule Aberdare, inayopita mita 3,500. Begi linalokukata bega Longonot litakuumiza zaidi Michaelson. Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba.

Siku ya kilele, wengi huondoka saa nane usiku ili wakute jua likichomoza Lenana. Kwa anayebeba mzigo wake, mimi hupendekeza saa kumi hadi kumi na moja alfajiri. Sehemu ya changarawe inayoteleza utaivuka kukiwa kumepambazuka, na bado utafika kabla ya mawingu ya saa nne au saa tano. Kushuka, wengi hupitia njia ya Sirimon. Kutoka Lenana hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, ni safari ndefu kwa magoti yaliyochoka. Ukihisi yanatetemeka lala kambi ya Shipton's iliyo njiani, mita 4,200, umalizie kesho yake. Mwenye gari mpigie kabla hujaanza kupanda mkubaliane siku na saa, kwa sababu bondeni mtandao hupotea, na kutoka lango la Sirimon hadi barabara kuu ya Nanyuki bado kuna mwendo.