Maktaba imesasishwa, programu imegoma

Nimekompaili programu kwenye Ubuntu 22.04. Kuipeleka kwenye seva yenye 20.04, inadai GLIBC_2.34 haipo. Msimbo wangu hauna kitu kipya hata kimoja. Kulikoni?

Msimbo wako hauna kosa, ndugu. glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, hubandika lebo ya toleo kwenye kila funksheni inayotoa, na programu ikikompailiwa hubeba lebo zilizopo siku hiyo. Toleo la 2.34, la mwaka 2021, liliimeza libpthread, maktaba ya nyuzi (threads), ndani ya libc, faili kuu ya glibc. Katika toleo hilohilo, hata __libc_start_main, mlango ambao programu ya C huingilia, ikapewa lebo mpya. Ndiyo maana hata programu ya mistari mitatu itadai 2.34, na seva yako ina 2.31.

glibc hutunza lebo za zamani, ila haiwezi kuwa na zile ambazo hazijazaliwa. Basi kompaili kwenye mfumo mkongwe kuliko yote unayolenga, au ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa) lenye mfumo huo. Ukitaka kujua programu inadai nini, endesha objdump -T uzisome lebo. Na tafadhali, usiibadilishe glibc ya seva kwa mkono. Hata ls inaitegemea. Ukikosea hutakuwa na amri ya kurekebishia.

Programu inatafuta libssl.so.1.1 ya OpenSSL, mimi ninayo libssl.so.3. Nikiunda kiungo (symlink) chenye jina la zamani?

Usijisumbue. Namba hiyo ilibadilishwa makusudi ili mbili hizi zisichanganywe. Ukiunda kiungo, kipakiaji, kile kinachopakia maktaba programu inapoanza, kitasaka lebo ya OPENSSL_1_1_0 ndani yake, kikose, kigome. Shukuru ikigoma. Maktaba zisizo na lebo hukubali hila hiyo, na hapo ndipo balaa huanzia.

Programu yangu inafunguka bila neno, lakini tangu nisasishe maktaba inatoa uzito wa ajabu.

Hili ndilo baya kuliko yote. Tuseme maktaba ilipanga umri kwenye baiti ya 0 na uzito kwenye baiti ya 4. Toleo jipya likachomeka kimo katikati. Programu yako ya zamani bado inachota baiti ya 4, inapata kimo, inakiita uzito. Jina la funksheni ni lilelile, kwa hiyo hakuna wa kulalamika. Kompaili programu upya. Kama maktaba ni yako, badilisha namba iliyo mwishoni mwa jina lake. Debian walipohamisha mifumo mingi ya biti 32 kwenye saa ya biti 64 mwaka 2024, kwa kuhofia 2038, mwaka ambao saa ya biti 32 itajaa, walibadilisha majina ya vifurushi vingi vya maktaba kwa kuongeza t64. Ilichosha watu, lakini naona walifanya sawa.

Kwenye Alpine Linux, ls inaionyesha programu, nikiiendesha naambiwa faili haipo!

Kisichokuwepo ni kipakiaji chake, /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Alpine hutumia musl, maktaba nyingine ya C, si glibc. Kompaili humohumo.