Akiba ya sacco haitolewi ukiwa bado mwanachama

Dada, umeuliza kama unaweza kutoa akiba yako ya sacco (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) ulipe karo. Hapana, akiba ya kila mwezi huwezi kuitoa ovyo kama pesa ya benki. Mpaka ujiondoe uanachama, na notisi kwa kawaida ni siku 60. Hiyo akiba ndiyo inayoshikilia mikopo, yako na ya uliowadhamini. Hisa nazo hazirudishwi kabisa, unamuuzia mwanachama mwenzako.

Nayajua haya kwa sababu nilijitoa kwenye moja hapa Kisumu nikiwa bado nauza mitumba sokoni Kibuye. Siku 60 zikageuka karibu miezi mitano! Karani alinigeuzia skrini, nikaona jina la jirani yangu wa kibanda niliyemdhamini, bado anadaiwa elfu kumi na nane. Sikupewa hata shilingi hadi alipoleta mdhamini mwingine.

Ila kama sacco yenu ina FOSA, yaani kitengo cha huduma kama za benki, ile akaunti ya kawaida ya hapo unatoa wakati wowote. Na kwa vile unataka karo tu, usijitoe, uliza mkopo wa karo au wa dharura. Kwanza angalia umemdhamini nani.