Springi haipunguzi kasi mwezini
Je, mzigo uliotundikwa kwenye springi utapanda na kushuka polepole zaidi mwezini kuliko duniani? Hapana, kwa sababu kipindi chake (T), yaani muda wa kupanda na kushuka mara moja, hutegemea tungamo la mzigo (m) na ugumu wa springi (k) tu, yaani T = 2π√(m/k), na nguvu ya mvutano ya dunia au mwezi haimo. Mzigo wa kilo 0.5 kwenye springi ya niutoni 20 kwa mita huchukua takriban sekunde 1 kote kuwili. Kinachobadilika ni mahali unapotulia, kwani duniani springi hurefuka sentimita 24.5 na mwezini 4 tu. Kwa kuwa kipindi hakitegemei mvutano, wanaanga wa Skylab, kituo cha anga cha Marekani, mwaka 1973, walipimwa tungamo kwa kiti chenye springi. Pendulamu, yaani mzigo unaobembea kwenye uzi, ndiyo ingechelewa mwezini, karibu mara 2.5. Sharti ni springi isivutwe kupita kikomo cha unyumbufu wake, yaani hadi ishindwe kurudia urefu wake wa awali.